Mate Niliyomtemea Mama Neema

Wengine husimulia aibu zao zikiwa zimeshapoa, mtu anacheka yeye wa kwanza. Hii yangu haijapoa, nawaambia tu kwa sababu mmenibana, na mjue kabisa kwamba mpaka leo gari la kazini likipita Idodi mimi nashusha kofia hadi puani, nikiwa na kiu nakaa nayo, siteremki. Nilidanganya kwa mate. Ndiyo, mate haya haya ya mdomoni, msinitazame hivyo.

Ni hivi. Mimi nilikuwa msaidizi wa utafiti (cheo kizuri kukitamka, kazi yenyewe ni kubeba vichupa), na mradi wetu, maabara yake iko Mbeya, ulikuwa unachunguza mate ya watu wenye ugonjwa wa fizi, maana mate, jamani, yana umbea mwingi, ukiyapima yanakuambia kama mfupa unaoshika meno unaliwa, na yanakuambia na mengine ambayo mwenye mdomo alikuficha. Wale ambao majibu yao yangekuwa mazuri walikuwa wanaitwa Mbeya kwenye matibabu ya majaribio, wanawekewa dawa chini ya fizi, nyama na mfupa vinaota upya, jino lililokuwa linacheza linashika tena. Nafasi zilikuwa chache na sharti lilikuwa moja lisilo na msamaha: usiwe unatumia tumbaku, iwe sigara au ugoro, kwa sababu kwa mtumiaji wa tumbaku dawa ile haishiki vizuri.

Na mhubiri wa sharti hilo alikuwa nani? Mimi. Nasimama mbele ya watu na koti langu jeupe, "ndugu zangu, tumbaku ni adui wa fizi," nikimaliza nazunguka nyuma ya choo cha zahanati, nawasha. (Nimezaliwa Chunya, tumbaku nimeikuta nyumbani kabla sijajua kusema, lakini huo najua si utetezi.) Bosi wangu, Dokta Lugano, mama mmoja mpole ambaye upole wake unatisha kuliko kelele za watu wengine, nilimwambia siku ya usaili kwamba sivuti na sijawahi.

Sasa Mama Neema. Huyu alikuwa mkulima wa pale Idodi, kijiji cha huko Iringa, kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani kwao Walutheri, mume wake Baba Neema ni mzee wa kanisa, watu wa kuheshimika kweli kweli. Meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza, akiongea anayazuia kwa ulimi, na aliniambia mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba ameacha kuimba sauti ya kwanza kwa kuogopa jino lisije likamtoka mbele ya washarika. Alikuwa anaitaka hiyo nafasi. Kila nikimpigia kumkumbusha kitu alikuwa anapokea kabla simu haijaita mara mbili.

Siku ya kumchukua mate nilifika kwake asubuhi na pikipiki ya mradi, deli la barafu limefungwa nyuma. "Kamwene, mama, shikamoo." "Marahaba, mwanangu, kamwene, sijala wala sijanywa, kama ulivyosema." Akakaa kwenye kigoda akaanza kutema. Mdomo wake mkavu, mate yanakuja kwa kulazimishwa, amekaa pale zaidi ya nusu saa, shingo imeinama, anajifuta, anatema, ananiuliza "bado?", namwambia "bado kidogo, mama," mpaka kichupa kikafika mstari. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nikaandika namba yake, nikaweka kifuniko haraka haraka kwa sababu gari la Dokta lilikuwa linanisubiri barabarani kuwahi Iringa, nikaondoka.

Njiani nikasimama. Hapo ndipo penyewe, yaani kama ningepita tu leo nisingekuwa na la kuwaambia. Nilisimama kwenye kalavati nivute moja ya harakaharaka, nikafungua deli nichukue maji yangu ya kunywa (tumekatazwa kabisa kuweka chupa ya kunywa kwenye deli la sampuli, basi tu), nikakuta kichupa cha Mama Neema kimelala, kifuniko kiko huku, mate yote yameingia kwenye barafu. Sikukifunga. Nilikibana tu juu juu.

Nikasimama pale na sigara yangu mdomoni, napiga hesabu. Kurudi ni mwendo, nikifika nitamkuta ameshakunywa uji wake, aliyekula hapimwi, kwa hiyo mpaka kesho, na kesho maana yake nimwambie Dokta kwa nini, na nimwambie Mama Neema kwamba ile nusu saa yake yote nimeimwaga. Nikaona aibu. Nawaapia sikuwa na nia mbaya, niliona aibu tu! Nikatazama huku na huku, hakuna mtu, nikatoa sigara mdomoni, nikatema. Mimi mate yangu yanakuja yenyewe, dakika tano kichupa kimejaa, nikakifunga sawasawa safari hii, nikakirudisha kwenye barafu, nikamalizia sigara. Eti nikajiambia mate ni mate.

Ukapita kama mwezi na nusu. Siku moja niko ofisini Mbeya naingiza majibu kwenye kompyuta, nikafika namba ya Mama Neema, nikaona kwenye safu ya tumbaku pameandikwa ndiyo. Muda wa kusema ulikuwepo, Dokta alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, namsikia anaongea na simu. Nikasema nitamwambia akimaliza simu. Akamaliza. Nikasema nitamwambia baada ya chai. Wiki ikaisha, nafasi ya Mama Neema akapewa baba mmoja wa Madibira, akaitwa, akafanyiwa, akarudi kwenye mpunga wake, na mimi nikajifariji kwamba mama wa watu ataambiwa tu kwa upole hakufaulu, atasema Mungu hakupenda, yataisha.

Hayakuisha. Dokta Lugano ni mtu wa haki, akasema waliokosa lazima tuwafuate wenyewe, tukae nao mmoja mmoja, tuwaeleze sababu. Tukaenda Idodi, zahanati, watu wamejaa kwenye mabenchi nje chini ya dirisha, mimi nimeshika daftari ndani. Akaingia Mama Neema na Baba Neema, wamevaa vizuri kama wanakwenda ibadani, na yeye amebeba mfuko mdogo wenye khanga na mswaki. Jamani, alikuwa amekuja amejiandaa kwa safari ya Mbeya!

Dokta akamweleza taratibu, sauti ya chini, kwamba kipimo kimeonyesha mabaki ya tumbaku, kwa hiyo kwa masharti ya utafiti hatuwezi kumpokea. Aliyejibu ni Baba Neema, na yeye sauti ya chini hana.

"Tumbaku? Mke wangu mimi?"

Halafu nikasikia mwanamke mmoja kwenye benchi anasema, "Kumbe ndiyo maana anakohoakohoa kwenye kwaya," na mwingine anamjibu, "Ugoro huo, ugoro hauna moshi." Baba Neema akamgeukia mkewe, akamwambia yeye ni mzee wa kanisa, anawakanya watu kila Jumapili, atasimama wapi, uso wake atauweka wapi. Mama Neema akasimama.

"Baba Neema," akasema, "miaka yote hiyo unalala na mimi, umewahi kunusa?"

Mama akamgeukia Dokta: "Nipeni kichupa. Nitatema tena, na mfungue na mlango waone wote."

Mlango ukafunguliwa, watu wakasogea hadi kizingitini. Dokta kwenye begi lake alikuwa na vile vikaratasi vya kupima tumbaku papo hapo, unakilowesha kimoja mate, unasubiri, mistari miwili huna, mstari mmoja unayo. Mama Neema akatema kwa shida ile ile, kikaratasi kikalowa, tukasubiri, mistari miwili. Safi kabisa. Watu wakaguna. Nikajua nimepona, mambo yatarekebishwa, nikaanza hata kutabasamu kama mjinga.

Dokta hakutabasamu. Akasema kikaratasi kinaonyesha siku chache tu za nyuma, mtu anaweza kuwa ameacha juzi, kwa hiyo hakimsafishi kwa yale majibu ya kwanza. Na kama si hivyo, basi vichupa vya Idodi vilichanganywa, na kama vilichanganywa hakuna jibu hata moja la Idodi la kuaminika, itabidi afute yote, pamoja na ya wale waliokwisha kuchaguliwa. Nje zogo likaanza, mzee mmoja aliyekuwa ameshapewa tarehe ya Mbeya akapiga kelele kwamba yeye haondolewi na mate ya mtu. Dokta akanigeukia, kwa ule upole wake.

"Asajile, ulichanganya vichupa?"

Kabla sijafungua mdomo, mnajua nani alinijibia? Mama Neema. Akasema, "Hapana, dokta, kijana huyu msimwonee. Aliandika namba yangu mimi nikiona kwa macho yangu. Ni kijana mwaminifu."

Hapo ningepigwa kofi ningeshukuru. Nikasema, "Sikuchanganya, dokta," jambo ambalo kwa kweli ni kweli, na Baba Neema, ambaye sijui Mungu alimwonyesha nini saa ile, akanisogelea karibu sana, akanusa (mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimeshavuta mbili na pipi ya mnanaa juu yake), akasema, "Basi na huyu apimwe."

Watu wakacheka. Dokta hakucheka, akatoa kikaratasi kingine akaniwekea mkononi. "Tuondoe mashaka tu," akasema.

Nikamwambia mdomo umekauka. "Tutasubiri." Nikaomba maji. "Maji hapana, unajua masharti, wewe ndiye unayewaeleza watu." Nikajaribu kutema, hakitoki kitu, mimi yule yule wa kujaza kichupa kwa dakika tano! Watu mlangoni wananitazama mdomo, mama mmoja ananihimiza kabisa, "jitahidi, baba." Jasho linanitoka mgongoni, nafikiria kukimbia, nafikiria kuanguka nizimie, nikafikiria hata kukila kile kikaratasi. Mwisho likatoka tone. Dokta akakiweka mezani mbele ya wote, akatazama saa yake. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Mstari wa kwanza ukatokea. Tukasubiri wa pili, na mimi ndiye peke yangu mle ndani niliyejua hauji.

"Ni mimi," nikasema kabla Dokta hajasema. "Mate ya Mama Neema yalimwagika njiani. Yale mliyopima ni yangu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Baba Neema alikaa chini taratibu, akashika kichwa, hakuweza kumtazama mkewe. Dokta akasema kile nilichokuwa nakiogopa wiki zote zile, kwamba nafasi imeshakwenda, yule baba wa Madibira ameshawekewa dawa na kundi limefungwa, awamu nyingine hajui kama itakuwepo. Alimwambia Mama Neema "nisamehe, mama," yeye Dokta, kwa kosa langu.

Mama Neema alinisogelea. Nilidhani atanizaba, na ningesimama anizabe. Akaniuliza, "Yalimwagika yote?" Nikasema yote, mama. Akatikisa kichwa.

"Sasa si ungerudi tu, mwanangu. Ningekutemea tena."

Akachukua mfuko wake wenye mswaki akatoka, wale wanawake wa kwenye benchi wakampisha, na mume wake akamfuata nyuma anamwita jina lake, "Subilaga, Subilaga," na yeye hageuki.

Mimi niliondolewa kwenye kukusanya sampuli siku hiyo hiyo, sasa niko stoo Mbeya, napokea maboksi na kusaini, na sawa, sina pa kulalamika. Awamu nyingine haijafunguliwa. Juzi juzi nilimpigia nesi wa zahanati ya Idodi kumuulizia hali ya Mama Neema, akaniambia mawili ya chini yameshatoka, na kwenye kwaya siku hizi anakaa tu nyuma na akina mama wengine, haongozi.

Sigara nimeacha, mara nyingi. Lakini kurudi, nawaapia, siku hizi narudi. Juzi nilipokea boksi moja pungufu saa ya kufunga kazi, nikapanda nikashuka mpaka nikampata aliyeleta, nikamwambia usoni kwamba nilisaini bila kuhesabu, na aibu nikaipata palepale mbele ya watu wanne. Ilikuwa aibu ya dakika mbili. Ningejua zamani kuwa ni ndogo kiasi hicho, ningemrudia yule mama siku ile ile na kichupa kitupu mkononi.