Sahani Niliyoirudisha Tupu

Miaka ile ya vita, sukari ikiwa adimu Bagamoyo nzima, jirani yangu wa mlango wa pili alituletea mkate wa kumimina kila jioni ya Ramadhani. Mkate umeumuka, umejaa vijitundu, unanukia hiliki tangu uani. Mama mkwe wangu akiumega, anafumba macho, kisha anasema, "Huyu mwenzio ana mkono, mwanangu." Mkate wangu umelala hapo hapo mkekani kama kigae, hakuna anayeugusa.

Nilimwonea wivu, sifichi. Kwanza wivu wa mkate, kisha wa hamira yake, kisha wa jiko lake lisilo na mama mkwe wala mawifi watatu wa kuchungulia sufuria. Nikiwa juu ya msala nilikuwa nauwaza mkate wake. Nikilala najiuliza, anatia tui la kwanza au la pili? Nilikonda kwa ajili ya unga wa mchele, mtu mzima mimi.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa, unatia hata ndimu mbili au chumvi kidogo. Nililijua hilo tangu utoto. Siku ya kumi na mbili ya mfungo niliiosha sahani yake, nikaifuta, nikaipeleka nyeupe pe. Nilitaka imchome.

Kesho yake alasiri akaja na kibaba cha unga, amekifunika kwa pindo la kanga. Akaninong'oneza ili mama mkwe asisikie: "Shoga, sahani ilivyorudi nikajua kwenu mambo yamekauka. Mbona hukuniambia?"

Uso uliniwaka. Nikinyamaza, mtaa mzima utaamini nyumba ya mama mkwe wangu ina njaa. Nikisema, nimejiumbua mwenyewe.

"Unga tunao," nikasema. "Ni wivu tu. Mkate wako unasifiwa, wangu hauliki."

Alicheka mpaka akakaa kizingitini. Kicheko kilipokwisha akajifuta macho.

"Mume wangu yuko kwenye mkonge huko Pangani, huu mfungo wa pili hajarudi. Mkate wenyewe mimi hata siupendi. Naupika nipate sababu ya kupiga hodi kwenu."

Jioni zote zile nilikuwa nimeipokea sahani mlangoni, na hata siku moja sikumwambia aingie.