Kwandu Anabeba Kosa Ambalo Mwanangu Alionywa

Admin, jina langu usiliweke. Nina miaka sabini na minne, nipo Bariadi, figo zimekwisha na daktari hanifichi tena. Nilisoma, nikafanya kazi ya kompyuta mpaka nikastaafu. Kuna uchungu sitaki kuzikwa nao.

Mwanangu wa kwanza ana kampuni iliyotengeneza mfumo wa zahanati. Muuguzi anabonyeza simu, ombi linakwenda kwenye mfumo, wagonjwa wa zahanati yake wanatokea. Aliyeuandika ni binti wa marehemu mdogo wangu, nitamwita Kwandu. Mimi niliombwa kuupima.

Ombi lile la muuguzi halibebi kitu, kwa kuwa hajazi chochote. Lakini hutanguliwa na mistari ya utambulisho, tunaiita heda: nani anaomba, wa zahanati ipi. Ni kama kwetu Usukumani. Hata ukija mikono mitupu, huingii kwa salamu ya "mwadila" peke yake, sharti useme wewe ni wa kwa nani. Nikaziondoa heda, nikatuma ombi hivyo hivyo. Mfumo ukanimwagia wagonjwa wa zahanati zote, pamoja na dawa zao.

Nikamwambia mwanangu. Kwandu akaomba muda arekebishe. Mwanangu akacheka mbele ya vijana wake wa kazi: "Mzee, ombi halina kitu ndani, unapima nini? Upepo? Wageni wa uzinduzi nimeshawaalika."

Mfumo ukazinduliwa hivyo hivyo. Haukupita muda, orodha ya wagonjwa ikazagaa kwenye magrupu ya simu. Mama mmoja wa Kasoli alifukuzwa na wakwe kwa sababu ya dawa anazomeza. Mwanangu akasema hakuna aliyemwonya, akamfukuza Kwandu kazi. Sasa mjini wanasema binti aliuza siri za wagonjwa.

Kwandu alikuja akapiga magoti. "Baba mkubwa, si ulikuwepo? Kwenye kikao cha ukoo sema hilo tu."

Mwanangu alipopata habari, hakupandisha hata sauti. "Baba, gari la kukupeleka Mwanza kusafisha damu ni la nani?"

Mtoto niliyemsomesha ndiye aliyeniuliza hivyo! Siku ya kikao nikasema kumbukumbu zimenitoka. Kwandu akainuka, akatoka nje.

Jumapili ukoo unakaa tena. Nikisema, gari halitakuja, na sina siku nyingi bila hiyo mashine. Nikinyamaza, Kwandu atakuja msibani kwangu akijua wanamzika mtu wa namna gani.

Enyi wanangu mnaosoma hapa, nishaurini. Ningekuwa baba yenu, mngetaka nichague lipi?