Kitenzi Alichokijibu Mama Mdogo

Mama mdogo wangu alifundisha watu wazima Kiingereza kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, na kwake kitenzi hakikutafsiriwa, kilitendwa. Ukitaka kujifunza "push", unasukuma kabati. Ukikosea, anagonga meza na kukutazama mpaka ujute kuzaliwa. Vilivyowatoa wanafunzi jasho zaidi ni "lift" na "carry".

"Ukinyanyua kitu ukabaki hapo hapo, hiyo ni lift," alikuwa akifoka. "Carry ni mpaka uondoke nacho! Mnanisikia?"

Seremala mmoja, babu mwenye wajukuu, somo hilo lilimpiga chenga mpaka wenzake wakambandika jina: Mzee Carry.

Kisha kiharusi kikamwangusha mwalimu. Akalala hospitalini, macho yanaona, mkono wa kushoto unacheza, ulimi kimya. Daktari akatuambia tusijipe matumaini makubwa. Huenda asiseme tena maishani. Mama yangu alimwimbia. Mimi nilimbembeleza kama mtoto mchanga, jambo ambalo, kama angekuwa mzima, lingenipatia kofi. Wapi!

Seremala alipokuja kumjulia hali, hakukaa. Alishika kiti cha wageni, akakinyanyua hadi kifuani, akasimama pale pale.

"Carry," akasema.

Mama mdogo akakunja uso.

"Carry, mwalimu," akarudia, kwa sauti ya juu zaidi. Nilitaka kumtoa nje. Mtu yuko taabani, yeye analeta mzaha!

Mkono wa kushoto ukagonga kitanda. Midomo ikahangaika, ikapinda, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Li... lift!"

Mama yangu akaangusha chupa ya chai na hakuna aliyeinama kuiokota. Sijawahi kuona ajabu kama ile, na sitarajii kuona nyingine. Hasira yake ya darasani ilikuwa imefika mahali ambapo nyimbo na machozi yetu hayakufika.

Seremala hakukiweka kiti chini. Alitembea nacho hadi mlangoni, akageuka, akasubiri. Hadi leo ukimuuliza kama alikosea makusudi, anacheka tu.

Mama mdogo alimtazama, kisha akatutazama sisi. Akajigusa kifua, akanyoosha kidole mlangoni, upande wa nyumbani.

"Carry," akasema.