Utomvu wa Papai na Kongosho la Kaka

Serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara niliacha kazi ya ghala la serikali, nikaanza kuuza mtama na alizeti soko la Majengo, hapa kwetu Ugogo. Pamoja na mitumba ya nguo, sokoni yaliingia marobota ya vitabu chakavu kutoka ng'ambo. Nilichagua vile vya mwili wa binadamu, kwa sababu kaka yangu alikuwa anaumwa na sikuelewa anaumwa nini.

Kaka alikuwa mzee wa kanisa mtaa wa Kikuyu. Maumivu yalimshika chini ya kifua, yakapenya hadi mgongoni, na alipata nafuu kidogo tu akikaa amejikunja, magoti kifuani. Yalikaa siku chache yakaondoka, kisha baada ya miezi yakarudi. Hospitalini daktari alisema ni kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo, limevimba. Akamuuliza anakunywa pombe kiasi gani.

"Sinywi," kaka alisema.

"Wote husema hivyo, mzee wangu," daktari akajibu, bila ukali.

Wodi haina faragha. Kabla kaka hajaruhusiwa, mtaa ulishajua kwamba mzee wa kanisa ana ugonjwa wa walevi. Mchungaji alimwita, akamwomba apumzike kukusanya sadaka mpaka hali itulie. Kaka alikana kwa upole, na kadiri alivyokana ndivyo watu walivyozidi kuamini. Jumapili akawa anakaa benchi la nyuma. Maumivu yakimjia alitoka, akaenda kuinama nyuma ya jengo asionekane. Waliomwona wakasema anatapika pombe. Hata shemeji, mkewe, alianza kunusa kikombe chake cha chai. Alinusa akiwa ametugeuzia mgongo, lakini tulimwona.

Baada ya mavuno akaja shangazi, dada wa marehemu baba. Aliolewa Busi, kule Kondoa, akasilimu kwa mumewe akiwa bado binti, na pombe hakuwahi kuionja. Kwa ajili yake tulimwomba jirani Mwislamu atuchinjie mbuzi. Beberu mwenyewe alikuwa mzee, kwa hiyo shemeji aliipaka nyama utomvu wa papai bichi, kama tufanyavyo nyama ikiwa ngumu. Inatosha kuiacha kidogo tu. Lakini maongezi yalinoga akaisahau mpaka alasiri, na ilipopikwa ikasambaratika, sufuria ikabaki na mifupa ndani ya kitu laini kama ugali uliolegea.

"Shemeji, huyu mbuzi amekuwa uji," nikasema.

"Kula. Meno yako yenyewe yamebaki mangapi?"

Shangazi alicheka, lakini hakugusa sahani. "Mafuta yananichokoza," alisema, akaweka kiganja chini ya kifua.

Kaka aliacha kutafuna. "Maumivu yanapita hadi mgongoni, shangazi?"

"Tangu sijaolewa, baba. Yakija nakaa hivi." Akajikunja pale pale mkekani, magoti kifuani, ushungi ukagusa magoti.

Shemeji aliweka sahani yake chini. Kwamba shangazi ana tumbo tulijua siku zote. Tulisema ni maji ya Busi. Kwetu binti akiolewa mbali na Ugogo, kila kinachomuuma husingiziwa maji ya huko, na hakuna aliyewahi kumuuliza linamuuma wapi.

Tulipomweleza habari za kanisani, aliuliza, "Kwa hiyo na mimi ni mlevi? Nipelekeni kwa huyo mchungaji wenu."

Tulikwenda watatu, yeye, kaka na mimi. Mchungaji alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja ninuswe."

Mchungaji akamsogezea kiti. Shangazi akaendelea, sauti imeshuka. "Baba yangu alikufa amejikunja kama huyu kijana. Yeye alikunywa, ndiyo maana hakuna aliyetafuta sababu nyingine. Haya, na mimi niambie nilinywea wapi."

"Mpelekeni kwa daktari," mchungaji alisema. "Mniletee neno lake."

Daktari alimsikiliza shangazi hadi mwisho, akampapasa tumbo, akamgeukia kaka. "Kuna aina ya ukoo pia. Ni adimu, lakini ipo. Nilipaswa kuwauliza habari za jamaa zenu."

Yaliyobaki niliyasoma kidogo kidogo kwa miaka. Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kukata protini, kazi ile ile ya utomvu wa papai. Kwa kawaida hutoka vimelala, vikaamka vikifika kwenye utumbo. Katika baadhi ya koo, jeni inayoelekeza utengenezaji wa kimojawapo ina badiliko dogo. Kimeng'enya hicho huamka mapema, kingali ndani ya kongosho, kikaanza kulikata lenyewe. Mzazi mwenye badiliko hilo humrithisha mtoto huyu na kumruka yule. Wengine hulibeba bila kuumwa, na huenda baba yetu alikuwa mmoja wao. Mimi sijawahi kuumwa. Pombe huzidisha madhara, ila hata asiyeinywa anaweza kuugua. Na kongosho lililovimba miaka mingi liko karibu zaidi na saratani, ambayo ndiyo iliyomchukua shangazi hatimaye. Damu yetu haikupimwa kamwe, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyo kwetu. Nasema inaelekea sana.

Tulimpelekea mchungaji neno la daktari, na Jumapili iliyofuata alimkabidhi kaka kikapu cha sadaka mbele ya waumini, akasema kwamba ugonjwa wa mzee huyu ni wa kurithi, kisha akaendelea na ibada. Shemeji aliacha kunusa vikombe.

Maumivu yenyewe hayakwisha. Yalimkuta tena kaka kabla ya mvua, katikati ya wimbo, kikapu kikiwa mkononi. Alikipitisha kwa aliyekuwa karibu, akakaa benchi la mbele, akajikunja, magoti kifuani. Shemeji alivuka kutoka upande wa wanawake, akaketi naye, akamwekea mkono mgongoni. Watu walisogea kumpa nafasi. Safari hii hakutoka nje.