Kazi Niliyopewa Siku Shangazi Veronika Alipoolewa

Mpaka leo nikisikia harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu, narudi nyumbani kwa bibi yangu, kijijini kwetu upande wa Nyegina, ziwa likiwa mlangoni. Harufu ile ina moshi kidogo ndani yake, na wanga wa muhogo, na kwangu mimi ni harufu ya harusi, kwa sababu kabla ya harusi ya shangazi Veronika sikuwa nimewahi kuona nguo ikinyooshwa hadi ikasimama yenyewe.

Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka ile ambayo picha ya mfalme ilining'inia katika maduka ya Musoma mjini. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mjane. Sisi tuliishi boma moja naye, lakini nyumbani mwake alibaki na Veronika tu, kitinda mimba wake. Veronika alimchotea maji ziwani, akampikia, akalima naye. Wachumba walikuja wakarudi. Kila mmoja alipewa jibu lilelile: mama atabaki na nani?

Halafu akaja Petro. Alikuwa dresa, mhudumu wa kutibu macho na vidonda, katika zahanati moja upande wa Butiama, mpole, mwenye vidole vilivyonuka dawa. Hakuchoka kuja. Mwishowe Veronika alikubali, ila alimwambia baba yangu mbele yetu sote, huku akipara samaki, "Naenda kwa sababu mama bado ana nguvu zake. Nikijua hajiwezi, harusi haipo, hata kama nimeshavaa gauni." Baba alicheka. Bibi hakucheka.

Kazi ya kutupanga sisi watoto aliichukua bibi mwenyewe. Masista wa misheni walikuwa wameeleza zinavyokuwaga harusi za kanisani: mtoto wa kumwaga maua, wa kubeba pete, wa kushika mkia wa gauni. Bibi aliagiza uwanja ufagiliwe, akakaa kwenye kigoda chake, uso umeelekea ziwani, akatuambia twende mmoja mmoja mpaka kwenye ghala la mtama na kurudi. Tulikwenda. Wengine walijinyoosha kama askari. Bibi hakugeuza shingo hata mara moja.

"Masatu anatembea kama anayefukuzwa na ng'ombe," alisema tulipomaliza, akimtaja binamu yangu mmoja. "Apewe pete. Akiwa na kitu cha kuogopa kukiangusha, atapunguza mwendo."

Nyabwire, binamu yangu mkubwa, alipewa mkia wa gauni kwa sababu hatua zake zilikuwa sawasawa kama mtwangio. Kristina, aliyekuwa bado mdogo wa kukimbia bila sababu, alipewa maua. "Hata akiyamwaga yote mlangoni," bibi alisema, "nani atamgombeza?" Na mdogo wangu wa mwisho, aliyebebwa mgongoni na kufika ghalani bila kukanyaga chini, naye alikumbukwa. "Huyo kazi yake ni kula."

Tulitazamana. Alikuwa ametujua sote bila kututazama. Niliamini kabisa kwamba bibi yangu anaona mpaka kwa nyuma ya kichwa, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikuthubutu kuiba hata karanga nyumbani mwake.

Mimi ndiye niliyebaki. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka. Kwa maua nilikuwa nimeshakuwa mrefu, na kwa mkia wa gauni nilikuwa mfupi kando ya Nyabwire. Fundi wa Musoma, mzee mmoja wa Kiislamu aliyeshonea barazani, alikuwa ameshanipima gauni na kuniachia pindo nene chini, akisema watoto wa rasi yetu ya ziwani wanakula samaki sato mno, watakua kabla hajamaliza kushona. Nilisubiri jina langu.

"Wewe utakaa na mimi," bibi alisema.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kukaa hakukuwa kazi. Kila mtu anakaa.

Jioni ile aliniita ndani, akafunga mlango. "Macho yangu yamechoka siku hizi," aliniambia, "na kanisani mna giza. Watu watakuja kunisalimia. Nataka uwe kando yangu, unishike kidole hiki. Mtu akija, niambie jina lake kabla hajafika. Sema polepole, midomo isichezecheze. Usinivute, usinioneshe njia mbele za watu. Na usimwambie yeyote. Hasa shangazi yako."

Nilidhani ni aibu ya uzee, kama wanavyoficha wazee wengine meno yaliyotoka. Nikakubali, kwa kuwa siri ilikuwa angalau kitu cha kubeba.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa na mafunzo. Kila siku, Veronika akienda ziwani, bibi alinikalisha mlangoni. "Nani anapita?" Nikisema ni mtu, alikasirika. "Mtu nani? Amevaa nini? Amechoka au ana haraka? Kanga yake mpya au imepauka?" Nilijifunza kutazama. Nikaona kwamba mama mmoja jirani huchechemea asubuhi tu, na kwamba baba yangu akiwa na mawazo hutembea mikono nyuma. Nilikuwa nimeishi na watu wale tangu nizaliwe, na ilikuwa kama wameletwa upya. Usiku sikulala haraka, kwa kustaajabia dunia ilivyojaa.

Siku ya harusi tulipelekwa misheni kwa lori la mfanyabiashara mmoja wa Musoma, tukiimba, vumbi likitushukia juu ya nguo zilizopigwa pasi. Ndani ya kanisa kulikuwa na baridi, na sauti ya kukohoa ilipanda juu ikakaa huko. Bibi aliingia kwa mwendo wake wa kawaida, mkono wake juu ya bega langu kama bibi yeyote na mjukuu wake. Nikamhesabia ngazi kwa kumbana kidole.

Watu walikuja. "Mama Masatu, kanga mpya, nyekundu," nilinong'ona kwa lugha yetu ya nyumbani, na bibi akasema, "Mama Masatu, wekundu huo umekupendeza." Mama Masatu akajitazama kwa furaha. Walikuja wengine, na kila mmoja alikwenda zake akiwa ameonwa. Niliyemwogopa ni Petro, maana kazi yake ilikuwa kutazama macho ya watu. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Bibi aliinamisha kichwa, naye akainamisha chake, akakaa hivyo kitambo kirefu kuliko nilivyotegemea, kisha akaenda mbele.

Veronika akaingia. Nilimsimulia bibi yote: Kristina ameyamwaga maua yote mlangoni na sasa anayaokota, Masatu anakwenda polepole, amefumba mdomo, nadhani hapumui, Nyabwire hajakosea hatua. Bibi alitikisa kichwa kidogo kwa kila jina.

Kisha likatokea ambalo hatukulifanyia mazoezi. Veronika alipofika kwenye benchi letu alisimama. Akatugeukia, akafunua shela. Kinanda kikanyamaza. Padri alisubiri, na kanisa lote likasubiri naye.

"Yuko mbele yako," nilinong'ona ndani ya kanga ya bibi. "Amefunua uso. Anakutazama. Ua moja la kichwani limelegea, la kushoto."

Bibi akasimama peke yake. "Veronika," alisema kwa sauti ya kila siku, kama wako jikoni, "ua lako linataka kuanguka."

Akainua mkono. Mimi niliposema kushoto nilifuata mkono wangu. Bibi alifuata mkono wa bibi harusi. Mkono wake ukafika shavuni kwa Veronika, upande usio na ua lolote. Hapo Veronika akageuza shingo, polepole, kama mtu aliyesikia anaitwa, na ua likaja lenyewe mpaka kwenye vidole vya bibi. Bibi akalichomeka vizuri. Akaacha mkono pale kidogo.

"Sasa nenda," akasema.

Wanawake walikuwa wanafuta macho. Mimi nilijaa fahari, nikijua hakuna aliyegundua.

Lori lilipoondoka na maharusi kwenda Butiama, bibi alisimama akipunga mkono, uso umeelekea palepale mlio wa injini ulipokuwa unapotelea. Ulipoisha kabisa alinyoosha mkono hewani, akitafuta. "Nishike," aliniambia. "Sioni kitu, mjukuu wangu. Tangu mvua za mwaka jana sioni." Nikamshika. Nikahamia nyumbani mwake siku hiyohiyo, nikakaa naye mpaka alipofariki, na kazi ya kumwambia nani anapita sikuiacha.

Veronika alipokuja kututembelea mara ya kwanza, kabla baba, ambaye sasa naye alikuwa ameambiwa, hajapata nafasi ya kumweleza lolote, alileta fimbo nyepesi ambayo Petro alikuwa ameichonga na kuilainisha. Akamwekea mama yake mkononi, wakaanza kuzungumzia mihogo. Mimi niliona fimbo tu.

Miaka mingi baadaye, nikiwapanga wajukuu kwa ajili ya harusi ya binti yangu, yupi maua na yupi pete, shingo ile iliyogeuka ilinijia ghafla. Nikamfuata shangazi, naye wakati huo alikuwa mzee, nikamuuliza kama alijua.

"Petro aliniambia alipokuja mara ya pili baada ya mimi kukubali," alijibu. "Mimi naye tulikuwaga tunawaona kutoka njia ya ziwani, wewe na mama mlangoni, mkijifunza."

"Na ulisema harusi haitakuwepo."

"Nilisema." "Mama alifanya kazi yote ile ili mimi niondoke. Ningemwambia nini?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikifikiri. Nilijidhania mlinzi wa siri kati ya watu wawili. Lakini mkono wa bibi ulikuwa shavuni kwa mwanawe shingo ilipogeuka, na mkono ule, wenye kujua kila kitu kwa kugusa, hauwezi kuwa haukuhisi. Alijua kwamba mwanawe anajua. Ndiyo maana aliuacha pale kidogo, kabla hajamwambia aende.