Mwendo wa Hyang-mi

Hyang-mi aliporudi Daegu, kwetu Korea, kutoka Ujerumani, mama yake hakumtazama uso kwanza. Alimtazama miguu. Tulikuwa sokoni, mimi nakata kabichi za kimchi, achari yetu ya pilipili, yeye anapanga vipande vyake vya tofu ya soya kwenye meza inayopakana na yangu. Binti akatujia akiburuza sanduku, magoti yamebanana, vidole vya miguu vimeelekeana, kihatua kihatua.

"We mtoto, nani kakufunga miguu?" mama yake akauliza.

"Miguu gani, Mama?"

"Hiyo hiyo. Unatembea kama umebana yai mapajani!"

Tulicheka, na yeye akacheka. Ila mimi niliuona uso wake ukibadilika, maana mwenyewe alikuwa hajui kwamba anatembea hivyo.

Huyu mtoto nimemwona akikua. Kwenye kwaya ya kanisa letu aliimba mpaka mwalimu akasahau kupiga kinanda. Mama Hyang-mi akauza tofu hadi vidole vikajikunja kwa maji baridi, ili binti asomee opera. Na tangu shuleni binti alikuwa na nafasi yake moja ya opera aliyoipenda: bibi mwenye jumba, ambaye mumewe amepoa mapenzi, naye bado anamngoja. Alikuwa akijifunga aproni ya mama yake mabegani iwe shali, akaimba katikati ya ndoo za tofu, na wateja wakasahau walichokuja kununua.

Ujerumani walimsikiliza wakiwa wamefumba macho, wakasema sauti ni dhahabu. Walipoyafumbua wakamvika kimono. Wakampa nafasi ya yule msichana wa Kijapani anayeachwa na mwanamume wa kigeni, analia, mwisho anajiua. Akaimba vizuri, na hilo ndilo lililomponza, kwa sababu kila mji ukamtaka kwa nafasi hiyo hiyo. Hyang-mi amejiua kwenye miji mingi kuliko ninayoweza kuitaja. Na kila mwongozaji alimwambia vilevile: hatua fupi, shingo chini, tabasamu.

Picha ya kwanza ya jukwaani ilipofika sokoni, Mama Hyang-mi aliiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. Baba mzazi wa mama huyu alichukuliwa na Wajapani, enzi walipotutawala, akachimbe makaa ya mawe na hakurudi.

"Hao Wajerumani," akaniuliza, "hawajui Mkorea ni nani na Mjapani ni nani?"

"Hawajui, dada."

"Si wamuulize mwenyewe?"

Picha hakuitundika, na binti hakutuma nyingine.

Aliwahi kuomba nafasi ya bibi mwenye jumba. Wakamjibu kwa upole kwamba watazamaji hawataamini. Msimu uleule mama mmoja wa Kijerumani akachorwa macho kwa wanja, akaimba nafasi ya binti wa mfalme wa Uchina, na watazamaji wakaamini bila shida yoyote. Hyang-mi alinisimulia hayo huku akinisaidia kupaka pilipili kwenye kabichi. Sikujua nicheke au nirushe bakuli.

Kilichomrudisha ni masikio ya mama yake. La kulia lilikuwa limeshakufa, na daktari alisema la kushoto linafuata. Hyang-mi alitaka kitu kimoja tu: mama yake amsikie kwenye nafasi ya bibi mwenye jumba kabla sikio halijaenda. Bahati ikawa jumba la opera la hapa mjini linaandaa opera hiyo, na wanasaili waimbaji.

Tulikwenda wote watatu. Mlinzi nilimlainisha kwa kopo la kimchi. Mama Hyang-mi tukamkalisha safu ya mbele, sikio la kushoto likiwa upande wa jukwaa. Mwongozaji, Bwana Pyo, kijana wetu aliyesoma Ulaya, alitutazama mara moja akatuacha.

Hyang-mi akaanza, na miguu ikaanza naye. Kihatua kihatua, shingo chini. Bibi mwenye jumba akawa yule msichana wa kimono. Akanyamaza katikati ya wimbo.

"Samahani. Naomba nianze upya."

Akavua viatu. Halafu akatembea kama mama yake anavyotembea sokoni na trei ya tofu: kisigino chini, kifua mbele, anayetaka kugongwa asimame njiani. Akaimba. Nililia, sina haja ya kuficha. Sauti yote tuliyoikosa miaka hiyo ilikuwa pale.

Bwana Pyo akamfuata, akaongea kwa sauti ya chini.

"Dada, sauti kama hii nimeitafuta sana. Lakini watu wananunua tiketi waione Ulaya. Bibi mwenye jumba tunamleta kutoka Italia. Mwakani tuna ile ya msichana wa kimono, na hapo hakuna wa kukushinda."

"We baba," nikamwambia, "kwenu hakuna kioo?"

"Mama mdogo, acha," Hyang-mi akanizuia. Akamgeukia Bwana Pyo. "Asante. Huko nimeshakufa vya kutosha."

Mama Hyang-mi hakuwa amesikia lolote kati ya hayo. Alikuwa anapiga makofi.

"Wamekupa?"

Hyang-mi akamwinamia sikio la kushoto. "Umenisikia, Mama?"

"Kila neno! Ingawa sijaelewa hata moja."

"Basi wamenipa."

Jioni ile mama akalitangazia soko zima kwamba binti amepewa. Mama Hyang-mi akajishonea hanbok mpya, vazi letu la sherehe, ya hariri kwa ajili ya siku ya onyesho, rangi ya komamanga, akaitundika kule nyuma ya meza ndani ya mfuko. Sikio likaenda majira ya baridi. Yule Mwitaliano alikuja, akaimba, akaondoka, na sisi mama hatukumwambia.

Sasa Hyang-mi anafundisha kwaya ya kanisa, na asubuhi humsaidia mama yake. Kabla wateja hawajajaa hubeba trei ya tofu na kuuimba wimbo ule, kisigino chini, kifua mbele. Mama yake hasikii kitu. Humtazama miguu tu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huo ndio mwendo," humwambia. "Na siku yenyewe ni lini?"

Hyang-mi hutua trei, akamwonyesha kwa mkono: bado. Mama yake huinuka akaikung'uta vumbi ile hanbok.