Pikapu ya Baba na Mikono ya Mama

Jirani yetu wa Karatu amenisimamisha njiani wiki hii kuniambia nimeliharibu gari la mzee. Lile ni gari la kiume, anasema, na mimi nimelifungia pawa stelingi, usukani mwepesi, kama teksi ya mjini. Nilimjibu kwamba ndiyo, nimeliharibu, na nimefanya makusudi.

Wewe nitakueleza, maana yeye hastahili.

Pikapu ile baba alikuwa nayo kabla sijazaliwa. Ilinuka dizeli, mbuzi na vumbi jekundu. Msimu wa mavuno aliipakia mahindi, akapita lango la Ngorongoro mpaka Malambo, akarudi na mbuzi. Tulimsikia akiwa bado bondeni, gia ya pili ikilia, nami nilikimbia kufungua geti. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Mama alikuwa na ngwara zake, jamii ya maharage. Alizilima, akazipura kwa fimbo, akazipeta mpaka makapi yakatuingia kwenye chai, na siku ya mnada alizibeba kichwani, kwa sababu siku hiyo baba alikuwa na shughuli. Kila siku ya mnada alikuwa na shughuli. Mama alitaka kitu kimoja tu: ajifunze kuendesha, apeleke ngwara zake mwenyewe.

Baba hakukataa. Aliita majirani, akamkalisha mama nyuma ya usukani, pikapu imesimama uani na magunia yamejaa nyuma, akasema, "Geuza mpaka mwisho, kulia na kushoto. Ukiweza, funguo zako." Mama alivuta mpaka kanga ikamdondoka begani. Usukani haukusogea hata upana wa kiganja. Watu walicheka. Nami nilicheka, nilikuwa na miaka minane na nilitaka kuwa upande wa baba. "Usukani si mwiko wa ugali," akasema, na maneno hayo yakawa msemo wa nyumbani. Hata mtu aliyeshindwa kufungua chupa aliambiwa hivyo. Mama aliteremka, akaenda kuinjika maji.

Alijaribu misimu mitatu. Kisha akaacha.

Baba alipofariki, pikapu ilibaki uani, kuku wakitagia ndani, mpaka mwaka huu nilipoamua kuifufua. Fundi alipata boksi ya usukani na pampu yake kwenye gari la kitalii lililochinjwa kuuzwa vipuri. Wakati anafungua ile boksi ya zamani nikamsimulia mtihani wa baba, nikicheka kama tulivyozoea kucheka. Fundi hakucheka.

"Dada, hii ya zamani hakuna anayeigeuza ikiwa imesimama, tena na mzigo," akasema. "Hata mimi siwezi. Unaiachia itembee kidogo, ndiyo inakubali."

Nilikaa juu ya tairi. Nilimkumbuka baba, safari zote zile, akiiachia pikapu isogee kwanza ndipo akate kona. Aliyafanya hayo kila siku mbele ya macho yetu.

Naambiwa marehemu hasemwi vibaya. Mimi namsema. Alikuwa mwongo, na alituchekesha ili tusione.

Jumapili baada ya ibada nilimshika mama mkono mpaka kwenye pikapu, kwa kuwa macho yake sasa yanatofautisha mwanga na giza tu. Nilijua kwamba hataendesha popote. Niliwasha, nikamwambia ageuze. Aliweka kidole kimoja, pikapu imesimama, na usukani ukazunguka mpaka mwisho, kulia, kisha kushoto. Nikamwambia aliyoyasema fundi.

"Nilijua," mama akasema. "Si nilikuwa nakaa pembeni yake?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ile mara ya tatu nilimwomba aiache itembee kwanza. Akachomoa funguo." Aliendelea kuuzungusha usukani, taratibu. "Mlikuwa mnacheka, hamkusikia."

Siku hizi hakuna anayepura ngwara pale uani, na ule mlio wa gia ya pili fundi ameuondoa. Sivililii hivyo. Ninachokitaka ni asubuhi moja tu ya mnada, mama ana macho yake, magunia yako nyuma, nami nakimbia kumfungulia yeye geti.

Mama aliondoa kidole.

"Haya, zima," akasema. "Unamaliza dizeli."